Mwaka Walionyimwa Moto

Asubuhi ile Minza alitoka na kigae chake mkononi kama asubuhi nyingine zote, akiruka madimbwi ya mvua na kuimba wimbo wa shule. Alikuwa na miaka kumi. Ulikuwa mwezi wa kwanza wa mwaka tisini na nane, mwaka ule wa mvua kubwa, na moto wa kwao ulikuwa umezimika.

Siku hizo kiberiti kilikuwa kitu cha kufungwa kwenye kitambaa na kufichwa darini, kingoje siku ya shida, na kwa kina Minza hakikuwepo hata kimoja. Moto ulikuwa wa kuombana. Nyumba ikiamka haina kaa hata moja, mtoto anapewa kigae cha chungu kilichovunjika, kimewekwa majivu kidogo, anakwenda kwa jirani. Anapewa makaa mawili, anarudi akiyapuliza mpaka midomo inamkauka. Watoto wa kitongoji kile, huko mbele ya Kasokola, walijua nyumba ipi inalaza moto vizuri, ipi ina mama mkali wa asubuhi, na ipi haikupika jana. Walijua habari za watu kabla watu wenyewe hawajanawa uso.

Minza alianzia kwa kina Malale. Alikuta wanawake watatu jikoni, moto unawaka vizuri kabisa.

"Mwangaluka," alisalimu, akapiga goti.

Hakuna aliyeitika. Alidhani mvua imewaziba masikio. Akarudia, akaongeza, "Mama amenituma moto."

Mke wa Malale aliinua chungu kikubwa, akakitua juu ya mafiga, miali yote ikafunikwa. Kisha akamgeukia mwenzake na kusema, "Mahindi yangu ya bondeni maji yameyaua yote, we acha tu."

Minza alikwenda nyumba ya pili, akaenda ya tatu. Ya tatu walimfungia mlango. Alirudi nyumbani na majivu yaleyale aliyotoka nayo, yamelowa.

Mama yake, Nyanzala, alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha, tumbo la miezi sita limemjaa mapajani.

"Moto uko wapi?"

"Hawajanipa."

"Wamesemaje?"

"Hawajasema."

"Nani hajasema?"

"Wote, mama. Hata salamu hawajaitika."

Nyanzala alimwangalia mumewe. Luhende alikuwa anafunga kamba ya nira na hakuinua kichwa. "Basi wamefanya kweli," alisema.

*

Kosa lenyewe lilikuwa la mistari miwili ya shamba.

Wiki moja nyuma, jua lilipokuwa linachomoza, ulipigwa mwano, yowe lile la kuitana. Ng'ombe tisa wa Malale walikuwa wameswagwa na wezi kuelekea mtoni. Sheria ya sungusungu ilijulikana hata na mtoto wa kunyonya: mwano ukilia, mwanaume anaacha alichoshika, anachukua upinde, anakimbia. Luhende alikuwa na maksai wake wawili kwenye jembe, udongo umelainika baada ya siku nne za kungoja. Alisema, "Namaliza mistari hii miwili, nakuja." Alipofika mtoni aliwakuta wenzake wamesimama ukingoni wanatazama maji. Ng'ombe walikuwa wameshavushwa.

Mkutano ulikaa kwa Mabula, mtemi wa sungusungu. Walimtoza maksai mmoja, achinjwe, watu wale, neno liishe.

"Nilichelewa," Luhende aliwaambia. "Kuchelewa si kukataa. Nyie mnajua maksai mmoja halimi peke yake. Mkimla huyo mmoja, mmekula wote wawili, mmekula na shamba."

"Na Malale alime na nini?" aliuliza Mabula. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sauti ya chini, ya mtu anayepima dawa.

"Mimi sikumwibia Malale."

"Hatujasema umeiba. Tumesema hukuja."

Luhende akavaa kofia yake akaondoka, watu bado wamekaa. Hilo ndilo lililowaudhi kuliko ng'ombe. Wakamtenga. Nyumba yake isisalimiwe, isipewe moto, isichote maji pamoja na wengine, isiuziwe kitu dukani, isiazime kitu wala kuazimwa. Wakipata ugonjwa, wajibebe. Wakipata msiba, wajizike. Na atakayewasaidia atatozwa yeye.

Nyanzala alihesabu kwa vidole. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Alimwambia mumewe siku hiyohiyo, "Baba Minza, mimi nitajifungua na nani?"

"Mpaka mwezi wa nne watakuwa wamechoka."

"Hawa? Hawa hawachoki."

*

Shuleni mwalimu alimwita jina kama kawaida, maana mwalimu alikuwa mtu wa kuja. Lakini kwenye dawati wenzake walisogea, Minza akabaki na nafasi ya watu wawili. Wakati wa mapumziko wasichana walicheza rede. Minza aliingia katikati, kwenye zamu ya kulengwa, na hakuna aliyemkataza. Ila hakuna aliyemlenga. Mpira wa matambara ulipita kulia, ukapita kushoto, wenzake wakapigwa wakatoka mmoja mmoja, yeye amesimama tu. Kengele ikalia hajaguswa. Siku nyingine angesema ameshinda.

Jirani yao wa karibu alikuwa Theopista, Mpimbwe wa Usevya, ambaye wote walimwita Mama Felisiani. Ndiye aliyekuwa mkunga wa kitongoji. Wasukuma, Wapimbwe, Wakonongo, wote watoto wao walipita mikononi mwake. Mumewe, Melkior, alikuwa mtu wa kanisa, mwembamba, mwoga wa maneno ya watu. Sheria iliwahusu nao kama wengine.

Theopista hakusema na kina Minza. Alisema na kuku.

Siku ya tatu ya kutengwa, Minza alipokuwa anapita na ndoo, alimsikia anamgombeza tetea mmoja mwekundu uani. "We kuku mjinga! Nimemwaga majivu nyuma ya migomba, yana makaa bado. Usiende kuparuaparua kule ukaungua. Umesikia? Nyuma ya migomba!"

Minza alisimama. Kuku naye alisimama.

"Unashangaa nini?" Theopista alimwambia kuku. "Nenda, kabla mwenye nyumba hajarudi."

Minza alikwenda nyuma ya migomba akakuta nusu ya chungu, makaa matano yamefunikwa na majivu. Siku ile walikula ugali wa moto. Tangu hapo, karibu kila asubuhi, kuku yule alipewa habari. Aliambiwa kwamba kuna chumvi imemwagika juu ya jiwe. Aliambiwa mwanamke mwenye mimba asibebe ndoo mbili. Nyanzala akihadithiwa alicheka mpaka akashika tumbo. "Mwambie kuku asante," alisema. Ulikuwa mwezi wa kucheka kidogokidogo, na mvua haikukatika.

Lakini moshi haufichiki. Nyumba iliyonyimwa moto ilitoa moshi asubuhi saa moja, na kila mtu aliuona.

Mabula alimngojea Minza kwenye njia ya kisimani, yeye na wazee wawili wenye pinde. Alichuchumaa ili wawe sawa kwa urefu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima wa kitongoji kumtazama usoni kwa wiki tano.

"Minza, mjukuu wangu. Hujambo?"

Ile salamu tu ilimfanya machozi yamlengelenge. "Sijambo. Shikamoo babu."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Miguu imevimba."

"Pole yake. Sasa sikiliza. Wewe ni mtoto mzuri, hujui kudanganya. Ukiniambia nani anawapa moto, jambo hili tunalimaliza."

Minza alisikia neno moja tu: tunalimaliza. Aliona mama yake akisalimiwa. Alijiona yeye mwenyewe katikati ya rede, mpira unamjia tumboni.

"Mama Felisiani," alisema. "Lakini hasemi na sisi, babu. Anasema na kuku."

Mzee mmoja alicheka. Mabula hakucheka. Alisimama, akapangusa magoti, akaondoka bila kuaga.

Melkior alitozwa mbuzi wawili, naye aliwatoa siku ileile, jua halijazama. Kesho yake asubuhi sauti yake ilisikika mpaka kwa kina Minza. "Mara ya pili nakurudisha kwenu Usevya! Na kuku wako! Nakurudisha mchana, watu wanaona!" Na nyuma ya migomba hakukuwa na kitu tena.

Nyanzala hakumpiga Minza. Alimwuliza tu, "Kwa nini, mwanangu?"

"Alisema wanalimaliza."

"Wamelimaliza," mama yake alisema.

Luhende alitembea hadi Mpanda mjini, akanunua viberiti viwili kwenye duka moja la mtaa wa Shanwe, ambako hakuna aliyemjua. Kurudi, mto ulimfika kifuani. Kiberiti cha mfukoni kililowa, cha ndani ya kofia kikapona. Kuanzia siku hiyo moto wa nyumba ile haukuruhusiwa kufa. Minza aliacha shule akawa wa moto: kuchochea, kufukia, kukausha kuni ukingoni mwa mafiga. Mama yake hakuweza tena kuinama.

*

Uchungu ulimshika Nyanzala mapema kuliko hesabu ya vidole, mwezi wa tatu katikati, alfajiri. Maji yalimwagika amesimama, akashika nguzo ya nyumba akaita, "Baba Minza, ni leo."

Luhende alitoka nje akatazama upande wa mto. Uliunguruma tangu jana. Kwenda Mpanda hospitali kulihitaji machela, na machela ilihitaji wanaume wanne, na mto wenyewe ulihitaji muujiza. Alisimama kwenye mvua muda mrefu. Kisha akaenda zizini, akamfungua maksai mweupe, yule wa kulia.

"Nakwenda kumaliza," alimwambia Minza. "Kaa na mama. Wakishaondoa neno lao, wanawake watakuja. Si muda."

Lakini Mabula alikuwa na utaratibu wake. Alimpokea Luhende kwa heshima, tena akampa kigoda. Maksai akafungwa kwenye mti. Vijana wakatumwa kuita watu.

"Mtemi," Luhende alisema, "mke wangu anaumwa uchungu. Maksai huyu hapa. Hamtaki maneno, sisemi neno. Mruhusu Mama Felisiani aende sasa hivi, nyama mtakula hata mpaka kesho."

"Nimekusikia. Lakini neno lilifungwa na watu wote, litafunguliwa na watu wote. Wakikusanyika, wakila, tumeshafungua. Hata mimi mwenyewe sina ruhusa ya kulifungua peke yangu."

"Mtu anakufa, mtemi."

"Usitabiri mabaya, Luhende. Wanawake wanazaa kila siku."

Walingoja. Kufikia saa nne walikuwa wamefika wote, isipokuwa Malale. Kijana aliyetumwa alirudi peke yake. "Yuko bondeni anapandikiza mpunga. Anasema anamalizia majaruba mawili, anakuja."

Watu walitazama chini. Luhende alisema taratibu, "Kumbe na yeye kachelewa." Wakaendelea kumngoja Malale, maana ng'ombe walioibwa walikuwa wake na bila yeye kisu kisingeshuka.

*

Asubuhi hiyohiyo, watu wakiwa bado wanaitwa, Nyanzala alimwambia Minza, "Nenda kwa Mama Felisiani. Usimwombe kitu. Simama tu pale."

Theopista alikuwa uani, chini ya mchirizi wa paa, anachambua mchele. Alimwona Minza akifika kwenye ua na kusimama nje yake, amelowa, mikono imening'inia. Alitazama nyumba, ambako Melkior alikuwa anavaa koti la kwenda mkutanoni. Akatazama chini, penye tetea mwekundu anayedonoa chenga.

"We kuku," alianza. Akamtupia tetea chenga. "We kuku, nikuulize. Maji yametoka?"

Minza alitikisa kichwa kuonyesha ndiyo.

"Yana rangi gani? Ya kijani au meupe?"

Minza akagusa gauni lake, lililokuwa jeupe zamani.

"Vizuri. Kuku anayetaga asilale chali, kuku wangu. Achuchumae, ashike nguzo. Asisukume mpaka mwenyewe asikie mwili unasukuma. Umenisikia? Wembe mpya. Kama si mpya, uchemke mpaka uhesabu mia mbili. Na uzi uchemke nao." Mikono yake haikuacha kuchambua, ila alikuwa anatupa mchele na kubakiza mawe. "Kichwa kikitoka, usivute. Usivute hata kidogo, kitoke chenyewe. Pitisha kidole shingoni uone kama kamba ya kitovu imezunguka. Ikiwa imezunguka, ipitishe juu ya kichwa kama unamvua mtu shanga. Mtoto akitoka, funga uzi kwenye kitovu mara mbili, vidole vinne kutoka tumboni, kisha vidole vingine viwili. Kata katikati. Halafu—"

"Unasema na nani?" Melkior alikuwa mlangoni.

"Na kuku."

"Kuku gani anaelezwa habari za wembe?" Akamwona Minza. Uso wake ukabadilika, si kwa hasira, kwa hofu hasa. "Theopista. Mbuzi wangu wawili waliondoka. Unataka waje kuchukua nini sasa? Mimi? Inuka. Wanawake wote wanatakiwa kwa Mabula wakasonge ugali wa mkutano. Inuka twende, nyama ikiliwa utakwenda hata kulala kwao."

"Baba Felisiani, nimalizie—"

"Inuka!"

Theopista aliinuka. Alipita karibu sana na Minza, karibu kiasi cha kumgusa, akamtazama mdomo ukiwa wazi kidogo. Melkior alikuwa nyuma yake. Theopista akafumba mdomo.

Minza alikimbia nyumbani akirudia yote kwa sauti, kama anavyokariri jedwali la shule. Asilale chali. Mia mbili. Usivute. Kama unamvua shanga. Vidole vinne, vidole viwili.

Moto ulikuwepo. Alichemsha wembe wa baba yake na uzi wa kushonea magunia, akahesabu mia mbili, akakosea kwenye tisini, akaanza upya. Mama yake alishika nguzo. Alikuwa anauma upande wa kanga asipige kelele, asije akawafurahisha watu.

"Umeambiwa nini?"

"Usisukume mpaka mwili usukume."

"Unasukuma, Minza."

"Basi sukuma, mama."

Kwa Mabula kuni zilikuwa mbichi na nyama ya maksai wa kulima ni ngumu. Malale alikuwa amefika saa sita, miguu ina matope mpaka magotini, akaomba radhi, akasamehewa. Maksai mweupe akachinjwa. Wanawake wakasonga ugali kwenye masufuria makubwa huku moshi unawatoa machozi. Theopista alichochea, akaonja, akasema, "Imeiva." Wakamwambia bado. Akasema tena, "Imeiva hii, watu wale." Mzee mmoja akamwambia, "Mama, una njaa kiasi hicho?" Wengine wakacheka. Luhende alipewa kipande cha kwanza, kama ilivyo kwa aliyetozwa, akakitafuna mbele yao wote. Alitafuna haraka, akameza hakijalainika, ili wao nao waanze.

Ilipotimu saa tisa Mabula alinawa mikono. "Neno limekwisha," alisema. "Luhende ni mwenzetu."

Theopista alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Wanawake waliingia kwa pamoja, wamebeba kuni, maji, unga, makaa kwenye vigae. "Mwadila, Mama Minza! Pole, mama, pole!" walisalimu. Walikuwa na furaha ya kweli. Miezi miwili ya kunyamaza ilikuwa imewachosha na wao. Mikono yao ilinuka nyama.

Nyanzala alikuwa amelala kwa ubavu kwenye mkeka, mzima, ametokwa na damu lakini si nyingi mno. Aliwatazama wote na hakuitika.

Minza alikuwa amekaa karibu na mafiga, mtoto yuko mapajani mwake ndani ya kanga. Alikuwa mtoto wa kiume, mkubwa, nywele nyingi. Alikuwa anampepea.

Theopista alimchukua. Alitia kidole mdomoni mwa mtoto, akavuta ute mzito, akavuta tena. Akamshika miguu kichwa chini, akampiga nyayo, akamsugua mgongo, akaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa mtoto na kupuliza. Alifanya hivyo muda mrefu, mpaka mke wa Malale akamshika bega na kusema, "Mama Felisiani, basi. Amekuwa baridi."

Theopista alikaa chini. Alikunjua kanga akaangalia kitovu. Uzi wa magunia ulikuwa umefungwa mara mbili, vidole vinne, vidole viwili, umekatwa katikati, safi kabisa.

"Nani amefunga?"

"Mimi," Minza alisema.

"Alitoka akiwa hai?"

"Alikuwa anatapatapa. Anafungua mdomo, sauti haitoki. Nikangoja alie."

"Na ute? Hukumtoa ute mdomoni, mwanangu? Hukumgeuza?"

Huko nje wanaume walikuwa wanafika, wanamsalimu Luhende mmoja mmoja kwa kumshika mikono miwili. Minza alimtazama Theopista, akatafuta kichwani kote, akaanzia mwanzo, kwenye maji meupe, akaja mpaka kwenye kukata.

"Ulikuwa hujafika hapo, mama," alisema. "Baba Felisiani alikuita."